Mwongozo kamili: kuchunguza jeni zinazoendesha kujivua gamba kwa mnyoo C. elegans, stepu kwa stepu

Watu wengi wakishaona mnyoo amekwama ndani ya gamba lake la zamani wanakimbilia kuandika kwamba jeni fulani inaongoza kujivua gamba, na hapo ndo balaa linapoanzia, maana kukwama peke yake hakukwambii nani anaongoza. Anaweza kukwama kwa sababu mzunguko wenyewe haukuanza, au ulianza ila unachelewa, au mzunguko uko poa kabisa ila vimeng'enya vya kulegeza gamba kuukuu havipo, au hana shida yoyote ya jeni ni sahani yako tu imekosa kolesteroli. Maswali matatu basi: mzunguko unaanza? unaenda kwa wakati? unamalizika? Stepu zote hapa chini ni za kutenganisha hayo matatu, na ukiziruka utabaki na picha nzuri za minyoo waliokwama na hujui cha kusema.

Msingi, haraka haraka

C. elegans anapitia hatua nne za lava, L1 mpaka L4, kila hatua inaishia kwa kujivua gamba, kwa hiyo mara nne halafu basi, mtu mzima havui tena. Gamba ni tabaka la kolajeni linalotengenezwa na seli za ngozi zilizo chini yake, kubwa kuliko zote ni hyp7 ambayo ni seli nyingi zilizoungana zikawa kitu kimoja, na pembeni kuna seli za mshono zilizopanga mstari ubavuni. Kwenye kila mzunguko gamba la zamani linaachana na ngozi, jipya linatandazwa chini yake, mwisho mnyoo anatoka. Kabla ya kutoka anazubaa kwanza, hali chakula, hatembei sana, koromeo linaacha kupampu, na hali hiyo inachukua kama masaa mawili hivi. Hiyo ndo dirisha lako la kupimia, ishike sana.

Jeni zenyewe zipo kwa ngazi. Juu kuna protini za kuwasha jeni nyingine: nhr-23, kipokezi cha nyuklia ambacho ni ndugu wa ROR ya binadamu na DHR3 ya nzi, halafu nhr-25 ambayo ni ndugu wa Ftz-F1 ya nzi, na grh-1 ya ukoo wa Grainyhead. Ya kwenye taimu ni lin-42, ndugu wa PERIOD, ile protini maarufu ya saa ya mchana na usiku, ila usichanganye, hapa mzunguko ni wa masaa manane hivi siyo 24 na unakimbia zaidi joto likipanda, kitu ambacho saa ya mchana na usiku haifanyi kirahisi. Za kufunga hesabu, yaani kumwambia mnyoo inatosha sasa umekua, ni maikroRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni nyingine) let-7 na mir-84. Chini kabisa ni watendaji: mlt-10, mlt-11 inayofanana na vizuizi vya protiesi (vimeng'enya vya kukata protini), nas-37 ambayo ni protiesi ya kulegeza gamba la zamani, lrp-1 ndugu wa megalini anayevuta vitu kuingia ndani ya seli za ngozi, nekl-2 na nekl-3 ambazo nazo zinahusika na huo usafirishaji wa kuingiza vitu ndani. Mwaka 2005 Frand, Russel na Ruvkun walipitisha jeni kwa maelfu kwenye RNAi (njia ya kunyamazisha jeni kwa kutumia RNA) wakapata 159 ambazo ukizipunguza kujivua kunaharibika, kwa hiyo orodha ni ndefu na wengi humo ni watendaji siyo viongozi.

Kingine ambacho kinawapoteza watu waliosoma wadudu kwanza: usichukue mchoro wa ekdisoni (homoni ya kujivua gamba ya wadudu) wa nzi ukaubandika hapa. Jenomu ya C. elegans haina kipokezi cha ekdisoni kinachoeleweka, ingawa baadhi ya minyoo vimelea kama Brugia malayi wanacho. Kinachojulikana ni kwamba kolesteroli anaihitaji na hawezi kujitengenezea.

Stepu ya 1: sahani

Mapishi ya kawaida ya NGM (jeli ya kufugia minyoo kwenye sahani) kwa lita moja ni gramu 3 za chumvi ya kawaida, 2.5 za peptoni, 17 za aga, unapika kwenye otoklevu, ikipoa kidogo unaongeza mililita 1 ya CaCl2 ya 1 M, mililita 1 ya MgSO4 ya 1 M, mililita 25 za bafa ya fosfeti ya potasiamu ya 1 M yenye pH 6.0, na mililita 1 ya kolesteroli ya miligramu 5 kwa mililita iliyoyeyushwa kwenye ethanoli. Hiyo ya mwisho ndo nataka ukazie macho. Mnyoo akikosa kolesteroli kwa muda anapata shida za kujivua zinazofanana kabisa na za myutanti (mnyoo mwenye jeni iliyoharibika), kwa hiyo mtu aliyesahau chupa moja anaweza kugundua "jeni mpya" ambayo haipo. Mimina sahani zote za jaribio moja kutoka chupa moja, za kulinganisha na za kupima, siku moja. Bakteria wa chakula ni OP50 (aina ya E. coli), wapake siku moja au mbili kabla, na wawe wa kutosha mpaka mwisho wa jaribio.

Mambo ya mnyoo kukosa chakula nayasema mapema kwa sababu yanaharibu kila kitu kinachofuata. Mnyoo asiyekula vizuri anakua taratibu na anajivua akiwa amechelewa, siyo kwa sababu saa imevunjika bali kwa sababu kasi ya kukua na kasi ya mzunguko zimefungamana, mnyoo anayekua polepole anasubiri zaidi na mwisho anajivua akiwa na saizi isiyo mbali na ya wenzake. Halafu wakijazana na chakula kikiisha wanageukia njia ya pembeni wanaingia dauer (lava wa kuvumilia njaa) badala ya L3 ya kawaida, na gamba la dauer ni tofauti, mdomo umezibwa, hawali. Ukiwapima hao kama L3 umeharibu chati nzima.

Stepu ya 2: kuwaweka umri mmoja

Chukua watu wazima waliojaa mayai, waoshe kwa bafa ya M9, weka mchanganyiko wa hipokloraiti ya sodiamu na NaOH, tikisa huku unacheki kwenye hadubini. Miili ikishapasuka na mayai yamebaki acha hapo hapo, kwa kawaida haizidi dakika tano hivi, ukizidisha unaua na mayai. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga, osha na M9 mara tatu au zaidi mpaka harufu ya klorini iishe. Waache kwenye M9 bila chakula usiku mzima kwa nyuzi 20 huku wakitikiswa taratibu. Watatotolewa na kusimama kwenye L1 kwa sababu hakuna cha kula, kisha ukiwamwaga kwenye sahani yenye bakteria wote wanaanza pamoja, na hiyo ndo saa sifuri yako.

Usiwaache siku kadhaa kwenye njaa eti utawatumia wiki ijayo, wakikaa sana wanachelewa kuamka na hawaamki pamoja. Na kundi la kulinganisha likae njaa muda ule ule, idadi ile ile kwa kila mililita. Utaona hata hivyo kwamba ulinganifu unazidi kulegea kadri unavyoenda, kwenye kujivua kwa kwanza wanaenda karibu pamoja, kufika kwa nne wametawanyika. Hilo ni la kawaida lakini ukisahau litakudanganya kwenye stepu ya 6.

Stepu ya 3: jifunze kuona kwa macho kabla ya mashine

Kwa nyuzi 20 tarajia kujivua kwa kwanza kati ya masaa 12 na 16 hivi baada ya chakula, halafu kila moja inafuata baada ya masaa 8 hadi 10. Kwa nyuzi 25 mzunguko unashuka mpaka karibu masaa 7. Kwa hiyo inkubeta inayopanda na kushuka nyuzi mbili tatu inatosha kukuzalishia "athari" ya uongo, weka kipimajoto ndani kando ya sahani usiamini namba ya mlangoni.

Weka mnyoo mmoja mmoja kwenye sahani ndogo au kisima chake, mcheki kila saa. Angalia koromeo kwanza kabla hujamgusa, hesabu kama nusu dakika, linapampu au halipampu. Usianze na kumchokonoa kwa waya maana aliyezubaa ukimgusa anaweza kuamka akasogea, ukaandika yuko macho. Koromeo ni shahidi wa kuaminika kuliko mwendo. Rekodi: anakula, amezubaa, gamba limeonekana likitoka, anakula tena. Kutoka mwanzo wa kuzubaa kumoja mpaka mwanzo wa kwingine ndo urefu wa mzunguko, na muda wa kuzubaa wenyewe ni kipimo cha pili tofauti, usiviunganishe kuwa namba moja. Jeni inayorefusha mzunguko bila kurefusha kuzubaa inakupa habari tofauti kabisa na ile inayomfanya azubae masaa sita.

Pima na urefu wa mwili kwa picha, kila mnyoo, kwa sababu ya yale niliyosema ya chakula. Hatua zithibitishe kwa anatomia siyo kwa saizi: kwenye L4 umbo la uke linalokua linabadilika saa kwa saa na linasomeka vizuri, na ukanda wa alae (matuta ya gamba ubavuni) juu ya seli za mshono upo kwa L1, dauer na mtu mzima tu, L2 mpaka L4 wa kawaida hawana. Hiyo alae iweke akilini, utaihitaji mwishoni.

Stepu ya 4: punguza jeni

RNAi ya kulisha, yaani mnyoo anakula bakteria wenye RNA ya kunyamazisha jeni, ndo mwanzo wa bei nafuu. Bakteria HT115(DE3) wasio na RNase III (kimeng'enya kinachokata RNA hiyo), plasmidi (duara dogo la DNA) L4440 yenye kipande cha jeni yako, sahani zenye IPTG 1 mM ya kuwasha utengenezaji wa RNA, na antibiotiki ya kabenisilini mikrogramu 25 kwa mililita. Acha bakteria watengeneze RNA usiku mmoja kabla ya kuweka minyoo. Lazma uwe na sahani za L4440 tupu, na lazma uwe na sahani za nhr-23 kama mfano wa kuharibika ili ujue RNAi yako inafanya kazi, maana IPTG ikiwa imezeeka utapata "hakuna athari" kwa kila jeni na utajilaumu bure.

Jeni kali kama nhr-23 ukianza tangu L1 wengi hawafiki mbali, na mnyoo aliyesimama L1 hawezi kukueleza nini kingetokea L4. Dawa yake ni mbili, ama changanya bakteria wa jeni yako na wa plasmidi tupu kwa viwango tofauti upunguze makali, ama wahamishie minyoo kwenye RNAi wakiwa L2 au L3. Mimi napenda zote mbili kwa pamoja, zinakupa ngazi ya ukali badala ya ndiyo au hapana.

Stepu ya 5: soma ulichokipata

Hapa usikimbie. Mnyoo anayeburuta gamba mkiani, au aliyebanwa kiunoni na gamba la zamani kama mkanda, au ana kizibo mdomoni hawezi kula, huyo alianza mzunguko, alitengeneza gamba jipya, akashindwa kutoka. Ndivyo inavyokuwa kwa nas-37. Umepata mtendaji, swali la tatu. Kwa lrp-1 nako wanakwama ndani ya gamba, ila rudi nyuma kidogo ufikirie, hiyo protini inaingiza vitu kwenye seli za ngozi na wasiokuwa nayo wanafanana na walionyimwa kolesteroli, kwa hiyo kukwama kwake kunaweza kuwa ni mlo wa seli siyo mkasi wa gamba.

Mnyoo ambaye hajazubaa kabisa, hana gamba la pili chini, amesimama tu kwenye hatua moja akiwa hai, huyo ni swali la kwanza, mzunguko haukuanza au haukuendelea. Ila kabla hujashangilia pima kama anakua na kula, mnyoo mgonjwa tu naye anasimama.

Na anayejivua mara nne zote salama lakini vipindi vyake havina mpangilio, kimoja kifupi kingine kirefu, mnyoo huyu hivi jirani yake vile, huyo ni swali la pili na ndo matokeo ya thamani kuliko yote. Hivyo ndivyo myutanti wa lin-42 wanavyokuwa, mpangilio unavurugika. Angalia mtawanyiko siyo wastani tu, kwa sababu wastani wa masaa 9 unaweza kuficha mmoja wa 6 na mwingine wa 12. Watu wakipima sahani nzima kwa jumla hawaoni hili kamwe, wataona tu "wamechelewa kidogo", na ndo sababu nasisitiza mnyoo mmoja mmoja mpaka nionekane msumbufu.

Ukitaka kuona gamba kama limetengenezwa vibaya, rangi ya Hoechst inasaidia: gamba zima linaizuia, gamba bovu linaipitisha na viini vya seli vinang'aa.

Stepu ya 6: tazama saa yenyewe

Kukesha unaangalia makoromeo kunachosha, na kuna njia safi. Minyoo wenye lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga kikipata lusiferini) mwili mzima wanawekwa mmoja mmoja kwenye visima pamoja na bakteria na lusiferini ya mikromola 100, mashine inasoma mwanga kila dakika chache. Mnyoo akila lusiferini inaingia mwanga upo, akizubaa hali, mwanga unashuka, akimaliza unapanda tena. Unapata mashimo manne kwenye chati kwa kila mnyoo, siku mbili tatu mfululizo, wewe umelala. Tahadhari yangu ni moja: mashine inasoma kula, haisomi kujivua. Mnyoo aliyezibwa mdomo anashuka mwanga na hapandi tena, na myutanti wa koromeo naye atakuchanganya, kwa hiyo wachache wao wacheki kwa hadubini.

Ripota (kionyeshi cha jeni kuwaka) ya mlt-10 iliyounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani, yenye mkia wa PEST inafaa pia, PEST inafanya protini ioze haraka kwa hiyo mng'ao unapanda na kushuka na kila mzunguko badala ya kujazana. Ukipunguza jeni na mlt-10 ikaacha kuwaka, jeni yako iko juu yake. Ikiendelea kuwaka kama kawaida na mnyoo anakwama, iko chini au pembeni.

Kwa RNA, chukua sampuli kila saa. Najua ni kazi, ila mzunguko wa masaa 8 ukiuchukulia kila masaa mawili unapata nukta nne tu na kilele kinaweza kupita katikati. Kuna jeni zaidi ya 3,700 zinazopanda na kushuka pamoja na kujivua, kama moja kwa kila tano za jenomu, kwa hiyo jeni yako kupanda na kushuka siyo ushahidi wa uongozi hata kidogo, inaweza kuwa kolajeni tu inayosubiri zamu. Cha kuuliza ni inapanda lini ukilinganisha na nyingine, mathalani kolajeni ya dpy-7 inawahi na col-12 inachelewa ndani ya mzunguko ule ule. Na kumbuka ulinganifu unalegea: kilele kikionekana kifupi kwenye L4 kuliko L1 kwenye sampuli ya minyoo elfu, inawezekana kila mnyoo kilele chake ni kile kile ila hawaendi pamoja tena.

Stepu ya 7: iondoe protini kwa saa unayotaka

RNAi inapunguza RNA taratibu, na hapo hujui kama jeni ilihitajika mwanzo wa hatua au mwisho. Oksini (homoni ya mimea) inatatua hili. Unaunganisha degroni (kipande kinachoifanya protini iharibiwe) kwenye jeni husika kwa CRISPR (zana ya kuhariri DNA), mnyoo awe na TIR1 (protini ya mmea inayoishika degroni oksini ikiwepo), ukiweka oksini ya 1 mpaka 4 mM protini inaondoka ndani ya saa moja au chini. Oksini inayeyushwa kwenye ethanoli na haipendi mwanga, funika sahani, na kundi la kulinganisha lipate ethanoli ile ile. Usisahau kundi lingine ambalo wengi hulisahau, minyoo wenye degroni na TIR1 lakini bila oksini, kwa sababu wakati mwingine protini inavuja kupotea hata bila kuambiwa.

Jaribio lenyewe: minyoo wa umri mmoja, wape oksini kundi la kwanza masaa 4 baada ya saa sifuri, la pili masaa 6, la tatu masaa 8, na kuendelea, uone baada ya saa ipi kuondoa hakudhuru tena kujivua kunakofuata. Hiyo ndo dirisha la mahitaji. Kiongozi anahitajika mapema, kabla kuzubaa hakujaanza, mtendaji wa kulegeza gamba anahitajika kuelekea mwisho. Kwa maoni yangu jaribio hili moja lina uzito kuliko RNAi kumi.

Stepu ya 8: kwenye tishu ipi?

Jeni hizi nyingi zina kazi kwingine, nhr-23 kwa mfano inahitajika pia kwenye kutengeneza mbegu za kiume, kwa hiyo ukimpeleka mnyoo mpaka utu uzima na hazai usije ukalaumu gamba. Tumia minyoo wasio na rde-1 (jeni ambayo bila yake RNAi haifanyi kazi) ambao wamerudishiwa rde-1 kwenye ngozi peke yake, RNAi itashika ngozini, au TIR1 inayowaka kwenye ngozi tu. Athari ikibaki ile ile, ngozi ndo inahusika. Ikipotea, anza kufikiria utumbo au neva.

Stepu ya 9: je, anajua kuacha?

Hii wengi hawaifiki na ni hasara. Myutanti wa lin-4 wanarudia hatua za mwanzo na wanajivua mara za ziada, wa lin-29 wanaendelea kujivua wakati wenzao wameshakuwa wazima, na mwaka 2006 Hayes, Frand na Ruvkun walionyesha kwamba let-7 na mir-84 zinafunga mzunguko kwa kupitia nhr-23 na nhr-25. Kwa hiyo wachukue minyoo wako baada ya kujivua kwa nne, waache kwenye chakula kipya, cheki koromeo kila saa kwa siku nyingine nzima. Mtu mzima wa kawaida anapampu mfululizo. Akinyamaza kwa masaa kadhaa halafu akaanza tena, au ukaona gamba la pili likiachana, umepata kujivua kwa ziada. Sasa angalia alae: akiwa nazo ni mtu mzima ambaye mzunguko umegoma kuzimika, akiwa hana bado ni lava aliyerudia hatua, na hizo ni jeni mbili tofauti kwa kazi. Mwisho weka RNAi hafifu ya nhr-23 kwa myutanti huyo huyo akiwa L4, ile iliyochanganywa na plasmidi tupu, uone kama kujivua kwa ziada kunapotea. Kukipotea, jeni yako inapitia nhr-23 au inafanya kazi juu yake. Kukibaki, rudia na nhr-25 kabla hujaanza kutafuta njia mpya.